Nguzo Saba za Kukwepa Rangi

Turubai limeshuka. Hapo ndipo tulipoachana, na kama gazeti lako la wiki iliyopita lilikwenda kufutia vioo kabla hujalisoma, shauri yako, ila leo nina huruma.

Fundi Brashi alivuta kamba, turubai lililofunika ukuta wa mbele likaporomoka, vumbi likatua, na nyumba mpya ikabaki uchi mbele ya mwenyewe. Shemeji, mdogo wa mke wa Daktari, aliyewahi asubuhi kuja kupiga deki, akatoka mlangoni na ndoo. Akainua macho. Akaiweka ndoo chini. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Shemeji," akasema, "hii rangi umechagua wewe mwenyewe?"

Na Daktari, mwenye kiwanja, mwenye nyumba, mwenye jasho lote lililomwagika pale, akautazama ukuta wake na hakujua ni rangi gani.

Hakujua. Mimi hutania mengi, hili sitanii. Daktari wetu si daktari, ni mpima macho kwenye duka la miwani. Kutwa anawakalisha watu kitini na kuwasomesha herufi. Na huyohuyo hawezi kutofautisha kijani na kahawia. Hata nyekundu, ukimbana, inaingia humohumo. Kwake hizo ni ndugu wa tumbo moja waliovaa sare. Alizaliwa hivyo. Vile vitabu vya madoadoa wanavyopimia macho amevikariri ukurasa kwa ukurasa, kama mwanafunzi aliyeiba mtihani. Kazini hawajui. Mkewe hajui. Unajua wewe tu, na ulishaapa kunyamaza.

Kingekuwa kichekesho kama si mke.

Mkewe ni muuguzi. Alikwenda kufanya kazi ya mkataba katika hospitali ya mbali, na huko kila kitu kilikuwa kijani: kuta, mapazia, shuka, mpaka vikombe. Walipoamua kujenga, alimwachia mumewe kila kitu, akaomba jambo moja.

"Vyumba vitatu na kibaraza kidogo vinanitosha," alisema simuni. "Nje paka kahawia hafifu, kama mchanga uliokauka. Ukiikosa, paka chochote. Ila nikirudi nikakuta kijani, mume wangu, nageuka na begi langu mlangoni."

Hakucheka aliposema hivyo. Daktari alisubiri acheke, hakucheka.

Na leo ndiyo siku. Ndege imeshatua. Mama mkwe amekwenda na teksi kumpokea mwanawe, na muda wowote watakata kona.

Turudi ukutani.

"Wewe unaionaje?" Daktari akamrudishia Shemeji swali lake, akijifanya anatafakari.

"Mimi nimekuuliza wewe."

"Najua. Nataka maoni ya mtu wa nje."

"Mtu wa nje hana maoni hapa, shemeji. Mtu wa nje ana huruma."

"Huruma ya nini hasa?"

"Ngoja dada aje," akasema Shemeji. Akaokota ndoo yake, akarudi ndani, na Daktari akamwona anacheka kwa mabega.

Huruma. Sasa hiyo ni huruma ya kijani, au ni huruma ya kahawia iliyopakwa vibaya? Mtu anaweza kuhurumiwa kwa mambo mengi. Daktari akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafanya jambo ambalo ungemwona ungesema jua limempiga kichwani.

Akachuma jani kwenye ua.

Jani ni kijani, hilo alifundishwa shuleni kama wengine. Akalibandika ukutani kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Jani na ukuta, sawa. Akainama, akachota udongo mkavu wa kahawia, akaubana ukutani pembeni ya jani. Udongo na ukuta, sawa. Jani na udongo, sawa. Vyote vitatu vilimtazama kama watoto walioiba sukari, hakuna anayemtaja mwenzake.

"Bosi, unafanya nini na ukuta mbichi?"

Brashi alikuwa nyuma yake. Huyu ndiye aliyejenga, ndiye aliyepiga lipu, ndiye aliyepaka rangi. Mtu mrefu, mpole, kofia yake ina historia ya nyumba zote alizowahi kupaka.

"Naangalia kama imekauka," Daktari akasema.

"Kwa jani?"

"Ndiyo utaalamu wa sasa."

Brashi akaliangalia jani. Akaangalia alama ya gumba kwenye kazi yake. Midomo yake ikakaza.

"Fundi, makopo ya rangi yako wapi?"

"Yale pale, bosi."

Daktari akaenda mbio kuliko inavyompasa mtu mzima. Kopo lina maandishi, na maandishi anayaona vizuri, maandishi ndiyo kazi yake. Akaligeuza la kwanza: NYEUPE. La pili: NYEUPE. La tatu, nyeupe vilevile.

"Mbona yote ni nyeupe?"

"Mimi sinunui rangi iliyochanganywa na mashine, bosi. Mashine haina jicho. Nanunua nyeupe, naongeza dawa ya rangi mwenyewe mpaka niridhike."

"Na chupa za dawa?"

"Nilizitupa. Ulitaka kuzifanyia nini?"

Mdomo wa Daktari ukafunguka wenyewe, kama ulivyozoea kwa miezi yote ile, ukasema: "Unaonaje tukiongeza nguzo nyingine hapo pembeni?"

Hapa inabidi nikueleze habari ya nguzo, maana mke anakaribia na ataziona kabla yako.

Nyumba hii ilichorwa nyumba ya kawaida. Vyumba vitatu, kibaraza, mlango, kwisha. Lakini kila Brashi alipomjia bosi wake kuuliza habari za rangi, bosi aliona kifo. Na mtu akiona kifo hukimbia, na Daktari alikimbilia kwenye maumbo, maana maumbo anayaona. "Bosi, fremu za madirisha tupake rangi gani?" Daktari: "Kwanza madirisha hayo yaweke matao juu." "Bosi, bati tuchukue la rangi gani?" "Nilikuwa nawaza nguzo mbili mbele." "Bosi, lango?" "Nguzo mbili zaidi." "Bosi, mlango wa mbele?" "Bandika mawe chini ya ukuta, na dirisha la duara pale juu." Brashi alirudi nyumbani kwake akamwambia mkewe, bosi wangu huyu anapenda nguzo, sijapata kuona.

Kwa hiyo ukiitazama nyumba ile, kila nguzo imetokana na swali la rangi lililokwepwa. Zilikuwa saba. Kibaraza chenyewe kilitosha viti viwili.

"Nguzo ya nane?" Brashi akauliza taratibu.

"Hapana. Acha. Fundi, hebu nikumbushe. Ile siku ya kuchagua, nilikwambia baka lipi la rangi?"

"La kushoto, bosi."

"Nilisema la kushoto?"

"Kwa mdomo wako."

Brashi akaenda kusimama kama alivyosimama siku ile: mgongo ukutani, uso kwa bosi wake, mikono ameitanua kama askari wa barabarani. Na Daktari alipomwona amesimama vile, ndipo akaelewa.

Sikiliza vizuri, hapa ndipo nyumba ilipopotea.

Siku ile kulikuwa na mabaka mawili ya rangi ukutani, kila moja kubwa kama mlango. Shemeji alikuwa amepita asubuhi yake, na bila kujua anaokoa mtu akapiga simu: "La kushoto ni kijani cha wodi kabisa, shemeji, usithubutu. La kulia ndiyo kahawia ya dada." Bahati ya aina gani. Daktari akaja kiwanjani anatembea kama mtu aliyepewa majibu ya mtihani.

Lakini mpima macho hukaa uso kwa uso na mgonjwa. Miaka yote akisema "kulia" ni kulia kwa mgonjwa, si kwake. Akijihesabia yeye, atafunga jicho la mtu lisilostahili. Basi alilitaka baka lililokuwa upande wa mkono wake mwenyewe wa kulia. Mbele yake amesimama mtu amemwelekea. Ulimi ukafanya ulivyozoea, ukamhesabia yule aliyesimama mbele. Akasema, "La kushoto."

Na Brashi? Brashi amefanya kazi na mabosi maisha yake yote. Anajua bosi akitaja upande, anautaja kutoka pale aliposimama yeye bosi. Kwa adabu zake akageuza kichwani mwake: kushoto kwa bosi.

Kila mmoja alimpa mwenzake heshima ya kumhesabia kwa upande wake, na heshima mbili zikazaa kijani.

Daktari akashika nguzo iliyokuwa karibu. Angalau ilikuwepo.

"Fundi," akasema. "Ile rangi ya baka lingine. Ilibaki?"

"Ilibaki, bosi. Nilichanganya ya kutosha, nikaona nisiitupe. Nilipaka choo cha nje."

"Choo."

"Kimependeza sana. Nenda kakione."

Akaenda. Msomaji wangu, sijui alikwenda kutafuta nini. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya choo kile kidogo chenye mlango wa bati, akakitazama. Kisha akarudi kwenye kona, akatazama nyumba. Akarudi kwenye choo. Kwa macho yake vilikuwa pacha. Ile kahawia ya mchanga mkavu aliyoiota mkewe usiku wa zamu ilikuwa mbele yake, imepakwa mara mbili, imependeza sana kwa mujibu wa fundi, na yeye hana hata uwezo wa kuiona imependeza.

Mbele ya nyumba, Shemeji akaita kutoka dirishani: "Mama amepiga simu. Wako kwenye taa za barabarani."

Daktari akarudi mbio.

"Rudisha turubai."

"Bosi?"

"Rudisha turubai juu. Sasa hivi."

"Rangi inataka hewa, bosi."

"Itapata hewa kesho."

"Na mgeni akija ataona nini?"

"Ataona nguzo."

Brashi akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Alikuwa na sura ya mtu anayeanza kuhesabu vitu alivyodhani havihesabiki. Lakini bosi ni bosi. Wakashika turubai, mmoja huku, mwingine kule. Lilishonwa kwa ukuta ulionyooka, kabla ya matao, kabla ya mawe, kabla ya ile taa ya ukutani yenye umbo la ua. Ncha moja ikanasa kwenye taa. Katikati likaning'inia kwenye nguzo ya tatu. Daktari alivuta, likapasuka kidogo. Alivuta tena, likaamua kubaki pale lilipo, nusu ya ukuta imefunikwa, nusu iko wazi, kama mtu aliyefumwa anavaa suruali.

Honi ikalia langoni.

Mama mkwe alishuka kwanza, na hakushuka kimya. Alisimama na mkoba wake kifuani, akazitazama nguzo moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu," akamwambia mkwewe, "hii ni nyumba au mahakama?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anahukumiwa?"

"Mama, acha," ikasema sauti ndani ya teksi.

Mke akashuka.

Alikuwa amekonda. Nywele amezikata fupi. Alivaa viatu vya kutembelea wodini, vile vya kimya, akamjia mumewe bila haraka, na Daktari kwa dakika moja akasahau kijani na kahawia na dunia nzima. Walikumbatiana. Alinuka sabuni ya hospitali. Daktari akafumba macho yake yale yasiyofaa kitu, akatamani kubaki hivyo, kwa sababu huku gizani hakuna anayemuuliza rangi.

"Nionyeshe nyumba yetu," mke akasema begani mwake.

Akamshika mkono. Begi lake alilibeba mwenyewe, hakumpa. Daktari aliliona hilo, na wewe ulione.

"Hii ya nini?" mke akauliza, akiigusa nguzo ya kwanza.

"Inashikilia kibaraza."

"Na hii?"

"Inaisaidia hiyo."

"Na hii?"

"Hiyo..." Daktari akaitazama nguzo kama anayeomba msaada wa shahidi. "Hiyo imekaa tu."

"Nilisema kibaraza kidogo."

"Kibaraza ni kidogo. Nguzo ndizo zimezidi."

Shemeji akacheka mlangoni. Mama mkwe akaguna. Mke hakucheka, ila alimbana vidole kidogo, kama zamani, na Daktari akapata tumaini, na hakuna kitu kibaya kwa mtu anayezama kama tumaini dogo.

Wakafika mwisho wa turubai, pale ukuta ulipokuwa wazi.

Mke akasimama. Akautazama ukuta muda mrefu. Daktari akamtazama yeye. Maisha yake yote anatazama ndani ya macho ya watu kwa kurunzi, anaona mishipa, anaona ukungu, anamwambia mzee wa watu una kisukari kabla hospitali haijamwambia. Ndani ya macho ya mkewe siku ile hakuona kitu hata kimoja.

"Kahawia," mke akasema.

Daktari alidhani hakusikia vizuri.

"Eti?"

"Kahawia yangu. Ya mchanga mkavu."

Pumzi iliyokuwa imekwama tangu turubai lishuke ikatoka yote. Kumbe Shemeji alimtania simuni, si ndiyo kawaida yake, msichana hajui kuwa na kitu mdomoni asikicheze. Kumbe Brashi alikuwa na akili kuliko wote. Kumbe Mungu yupo na anajua kupaka.

"Kahawia," akasema, sauti imepanda. "Kama ulivyosema."

"Kumbe ulinikumbuka."

"Nikusahau vipi? Nilisimama pale, nikamwambia fundi, sikiliza, mke wangu anataka kahawia, lakini si kahawia ya kiatu, kahawia hafifu, yenye utulivu. Akaniletea ya kwanza nikaikataa. Nikamwambia imekolea mno. Jicho langu halidanganyiki kwa hilo, kazi yangu mwenyewe ni macho. Nikamwambia punguza, punguza, mpaka tukaipata hii. Tazama inavyopokea jua. Kahawia namna hii huipati mtaa mzima."

"Endelea," mke akasema.

Lakini hapo Daktari akagundua anazungumza peke yake.

Mama mkwe alikuwa akimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeongea na homa. Brashi alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Shemeji mlangoni alikuwa na uso ambao Daktari hakuwahi kuuona kwake: uso usio na mzaha hata chembe.

"Mume wangu," mke akasema, polepole, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa asishtuke. "Huu ukuta ni kijani."

Teksi iliyowaleta ikageuza njiani na kuondoka.

"Ni kijani cha wodi," akaendelea. "Nimelala nacho, nimeamka nacho, siwezi kukikosea. Juzi ulinitumia picha ya ndoo ya fundi, ukaandika kahawia yako hii hapa. Nikaitazama, nikaona kijani. Nikasema labda simu yangu imeharibika. Nikamwonyesha mwenzangu wa zamu, akaona kijani. Nikasema basi, mume wangu ananitania. Ndani ya ndege nimekaa nasema, nikifika nitamwambia ni kahawia. Akicheka, nitajua alikuwa anatania."

Akamtazama usoni.

"Hukucheka."

Daktari alifungua mdomo. Alitafuta nguzo, tao, dirisha la duara, chochote cha kuongeza.

"Tangu lini?" mke akauliza.

"Tangu kuzaliwa."

"Kazini wanajua?"

"Hapana."

"Mama yako alijua?"

"Alidhani sipendi kuchagua nguo."

Brashi akakohoa. "Bosi, kwa hiyo zile nguzo..."

"Fundi, naomba," Daktari akasema.

Sasa Daktari akalitazama lile begi. Alikuwa anasubiri ligeuke. Alishajiandaa: litageuka, litapita nguzo ya saba, ya sita, ya tano, litafika langoni, na yeye atasimama palepale kwa sababu hana cha kumwambia mtu aliyeomba jambo moja tu.

Begi halikugeuka. Mke aliliweka chini. Akakaa juu ya mawe yale ya kubandika, mgongo kwenye kijani chake, mikono magotini, akaanza kufikiri. Na Daktari, anayemjua mkewe, aliona bora angeondoka. Mkewe akifikiri hupiga hesabu, na akipiga hesabu hurudi nyuma mbali.

"Nyekundu je?" akauliza.

"Nyekundu kidogo."

"Kidogo vipi? Nyekundu na kijani vikikaa pamoja, unajua kipi ni kipi?"

"Mke wangu, tuingie ndani. Umechoka, mama amechoka."

"Mimi sijachoka," akasema mama mkwe.

"Unajua kipi ni kipi?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Sijui."

Mke akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jumla ileile kwa mara ya tatu.

"Sherehe yetu ya kuhitimu uuguzi," akasema. "Ndipo tulipoonana. Kila mgeni akija nyumbani unamsimulia. Ukumbi umejaa watu, wewe umesimama mlangoni humjui mtu, na kati ya wote ukaliona gauni langu jekundu, ukaja moja kwa moja. Hata siku ya harusi ulisimama ukayasema hayo, watu wakapiga makofi, mimi nikalia."

"Nakumbuka."

"Mimi nilivaa jekundu." Akainua kidole, akakielekeza mlangoni bila kugeuka. "Huyu nilimleta mimi kwenye sherehe yangu. Tulikaa meza moja, kiti kwa kiti. Yeye alivaa kijani."

Mama mkwe akaushusha mkoba wake kifuani kwa mara ya kwanza tangu afike.

Daktari alikumbuka ukumbi ule vizuri kuliko alivyotaka. Alimkumbuka rafiki aliyekuja naye, mtu pekee aliyemjua pale, alivyomsogelea sikioni akamnong'oneza: yule wa kijani ameshakuulizia mara mbili, nenda kabla hajakata tamaa. Akaenda. Alipofika mezani alikuta wasichana wawili na magauni mawili ya rangi moja. Hakuna wa kumuuliza. Akanyoosha mkono kwa aliyekuwa karibu. Habari ya gauni jekundu aliisikia baadaye sana, kwa watu, akaipenda, akaifanya yake.

Alimpenda mkewe. Hilo halikuwa na rangi wala halikuhitaji kitabu cha madoadoa. Lakini hilo silo aliloulizwa.

"Mume wangu, nitazame," mke akasema. "Siku ile ulikuwa unamfuata nani?"

Angeweza kusema wewe. Neno moja, jepesi, lipo tayari mdomoni. Lakini ametoka kusema kahawia sasa hivi mbele ya watu wote, na lilikuwa jepesi vilevile.

Akanyamaza.

Mke alisubiri. Kisha, polepole, akageuza shingo kumtazama mdogo wake pale mlangoni.

Shemeji hakuwatazama. Alikuwa ameshika kitambaa cha deki kwa mikono miwili, anakikamua, anakisokota, anakikamua tena kwa nguvu zake zote, na kitambaa kilikuwa kikavu.